Msimamizi na Dakika Zake

Alizaliwa wapi na alikuwa mtoto wa nani, hayo waulizwe ndugu zake. Mimi nilimjua ukubwani, akiwa tayari anaamini kwamba kitanda kina njia moja tu ya kutandikwa, na kwamba sisi wanawake wanane wa nyumba ya wageni pale Mikumi wote tulikuwa tunaikosea. Tulimwita Msimamizi, mbele yake na nyuma yake. Yeye mwenyewe akipiga simu alianza na "Msimamizi hapa," hata alipokuwa anampigia mkewe.

Kazi yake ilikuwa kusimamia usafi wa vyumba. Nyumba yenyewe iko kando ya barabara kuu, na wageni wetu wengi hulala usiku mmoja tu, wakaamka alfajiri kwenda kutazama wanyama, wakatuachia taulo zenye vumbi jekundu. Kabla ya hapo alikuwa Kimamba, kwenye shamba la mkonge, akiwapimia wakataji kazi ya siku. Shamba lilipopunguza watu naye akapunguzwa, jambo ambalo hakupenda kulizungumzia. Alikuja Mikumi na saa ya kupimia mbio, kama ile ya mwalimu wa michezo, akiivaa shingoni kwa kamba, na kijitabu cha semina kilichotoka jalada, ambacho alikishona upya kwa uzi wa katani.

Kijitabu hicho kilieleza sayansi ya kazi. Kulikuwa na Mmarekani mmoja wa zamani aliyegundua kwamba kila kazi ina njia iliyo bora kuliko zote, na kwamba mfanyakazi haijui njia hiyo mpaka aje mtu na saa amwonyeshe. Msimamizi alimwita "yule mzee wa Marekani", utadhani ni shemeji yake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujagusa ndoo, tulisomewa habari za yule mzee jinsi alivyomchukua mbeba chuma mmoja, akamwambia sasa inua, sasa tembea, sasa pumzika, na jioni yule mtu akawa amebeba mara nne ya kawaida yake.

"Na wenzake?" akauliza siku moja Mama Zena, mkubwa wetu kwa umri, mjane wa fundi wa reli.

"Wenzake gani?"

"Waliokuwa wanabeba naye. Kama mmoja anabeba cha watu wanne, hao wengine walikwenda wapi?"

Msimamizi alifunua kurasa mbele, akafunua nyuma. "Kitabu hakikusema," akajibu, akatuambia tuchukue ndoo.

Hakuwa mtu mbaya, niseme mapema, maana kuna mahali nitamkasirikia. Alikuwa na ugonjwa wa kupima. Alijua ni hatua ngapi kutoka mapokezi hadi chumba cha mwisho. Alijua kwamba Mama Zena akipiga deki alirudi kwenye ndoo mara kumi na moja wakati saba zingetosha. Hakuvumilia kuona mkono mmoja umekaa bure. "Mungu amekupa miwili," alikuwa anasema, "kwa nini unautembeza mmoja peke yake?" Hivyo tulifundishwa kuvisha foronya kwa mikono miwili, kung'oa shuka kwa mikono miwili, na kulikuwa na msichana mmoja wa jikoni aliyeapa kwamba Msimamizi amemkosoa jinsi anavyojikuna.

Kuna siku nyani aliingia chumba namba nne kupitia dirishani, akachukua sabuni na pakiti ya biskuti ya mgeni, akatoka. Sisi tulipiga kelele, tukashika mifagio. Msimamizi alisimama mlangoni ametulia, ameshika saa yake.

"Sekunde tisa," akasema kwa heshima kubwa. "Mmeona? Mkono huu sabuni, mkono huu biskuti. Hajafanya mwendo wa bure hata mmoja."

Mwezi mzima tulifundishwa kwa mfano wa nyani. Mgeni alilipwa biskuti zake na hakuelewa kwa nini aliyemletea alikuwa anatabasamu.

Nyumbani kwake, Mabwerebwere, Kilosa, sayansi haikufika mbali. Mkewe alitusimulia alipokuja kututembelea. Msimamizi alichukua likizo ya siku nne akapanga upya jiko lote, sufuria kushoto, unga katikati, chumvi pale mkono unapoangukia, ili mama asigeuke zaidi ya mara moja. Mkewe akamwacha amalize. Akamshukuru. Kisha akamwambia kwamba kwa kuwa sasa yeye ndiye anayejua kila kitu kilipo, basi apike. Kesho yake kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake pa zamani, na Msimamizi alirudi kazini kabla likizo haijaisha.

Na salamu, jamani! Alipiga hesabu akagundua kwamba asubuhi, sisi tukishikamoana na kuulizana habari za watoto na za shamba, nyumba ya wageni inapoteza muda wa kutandika vyumba viwili vizima. Akaamuru tusalimiane mara moja tu, kwa pamoja, langoni, kama wanafunzi mstarini. Lakini yeye mwenyewe akikutana barabarani na mzee yeyote, hata asiyemfahamu, alisimama, akainama, akatoa shikamoo yake yote, akauliza habari za mke, za mjukuu, za ng'ombe, za mvua ya kule mzee alikotoka. Basi la Kilosa lilimwacha mara nyingi kuliko lilivyomchukua. Siku moja nilimuuliza, kwa adabu, salamu ile imechukua dakika ngapi. Akaniangalia kana kwamba nimemtukania mama yake. "Ile si kazi," akasema.

Sasa nieleze jambo langu mimi.

Pale kazini kulikuwa na mwendo wa aina mbili. Mwendo wa kwanza ni ule wa kila siku. Wa pili ulitumika tu Msimamizi akisimama mlangoni na saa, na huo wenzangu waliuita mwendo wa saa. Katika mwendo wa saa shuka inalainishwa kama unambembeleza mtoto mchanga. Mto unapigwa upande huu, unatazamwa, unapigwa upande ule. Kioo kinafutwa, unarudi nyuma, unakifuta tena. Wazazi wa nusu ya wanawake wale walikuwa wakataji wa mkonge, na hili walilirithi kwao: ukimwonyesha mpimaji mbio zako zote, kesho mbio zako zote ndiyo kazi ya chini. Kwa hiyo chumba kilipimwa na kupimwa tena, na kila mara jibu likawa dakika ishirini na mbili. Mama Zena, mwenye goti bovu, alikimudu chumba kwa ishirini na mbili siku njema, na siku mbaya tulimsaidia. Kila mtu alikuwa na nafasi yake ya kupumua.

Mimi nilikuwa na siku ya tatu tangu nitoke kwetu Munisagara. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Msimamizi akaniita, akanipeleka chumba namba saba, akasema, "Rehema, nionyeshe unachoweza." Nilidhani ni mtihani. Shuleni nilikuwa wa kwanza katika mbio, na kichwa changu kilikuwa bado huko. Nikakunja kitenge kiunoni, nikang'oa, nikatandika, nikafunga chandarua, nikasugua choo, nikapiga deki, nikatoka natweta na kucheka.

"Kumi na nne," akasema Msimamizi. "Safi sana, binti."

Nilipotoka na ndoo, wanawake wote walikuwa wamesimama kwenye korido. Mama Zena ndiye aliyenijia. Hakufoka. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, umefanya nini?"

Baada ya wiki moja kipimo kilibandikwa ukutani. Msimamizi alichukua kumi na nne zangu, akaongeza dakika moja ya kupumua, ikawa kumi na tano kwa kila mtu. Atakayezidisha mara kwa mara ataondolewa kwenye orodha ya kudumu, atakuwa anaitwa siku za wageni wengi tu. Wenzangu hawakunigombeza. Ingekuwa afadhali wangenigombeza. Nilijiona nimewauza watu walionigawia chai yao siku ya kwanza, na niliyemuuza zaidi ni Mama Zena, ambaye nje ya kazi ile hakuwa na kingine isipokuwa shamba la marehemu mumewe Kimamba. Goti lisiloweza kupiga deki haraka lingewezaje jembe?

Tangu siku ile nilikuwa namaliza vyumba vyangu mbiombio, kisha najipenyeza kwenye vya Mama Zena kumtandikia vitanda viwili vitatu. Miaka ilipita hivyo. Ajabu ni kwamba Msimamizi hakunikamata hata mara moja. Kila alipotaka kuingia kwenye korido yetu alikohoa, kikohozi kirefu cha hatua tatu, hata nikapata muda wa kutoka na ndoo na kujitia napita tu. Mama Zena alisema mzee ana kifua. Mimi nilikuwa nashangaa kwamba mtu asiyependa mwendo wa bure ana kikohozi kirefu namna ile, lakini sikumchunguza, nilimshukuru Mungu tu.

Alistaafu, tukamfanyia karamu ya wali na kuku, akahutubia dakika sita kamili. Mimi nikapewa nafasi yake, bila kuacha kutandika vyumba. Sikuwahi kuvaa saa shingoni.

Mwaka huu akaja meneja mpya, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, mwenye shikamoo ya kweli kwa kila mkubwa, akaleta simu za kazi. Kila mlango ulibandikwa karatasi yenye miraba midogo, myeusi na myeupe. Unaingia, unaipiga picha kwa simu. Unatoka, unaipiga tena. Simu inajua ni nani ameingia, na ametumia muda gani. Simu haikohoi. Nikiingia kumsaidia Mama Zena, simu yake inaendelea kuhesabu dakika na yangu inauliza kwa nini nimesimama. Kipimo ilichopewa ni kile kile cha ukutani, dakika kumi na tano, na mwenye kukizidisha wiki tatu mfululizo anatolewa kwenye orodha bila mtu kuuliza. Mama Zena alikuwa ameshazidisha wiki mbili. Ya tatu ilikuwa inaisha Ijumaa.

Nilimwendea meneja.

"Dada Rehema, mimi sina neno na mama," akasema, na namwamini. "Lakini hiki kipimo kimesainiwa, na mwenye nyumba anamwamini sana yule mzee. Aliyesaini akikibadilisha, hata kesho nakibadilisha kwenye simu."

Jumatano nikapanda gari kwenda Kilosa.

Nilimkuta uani kwake, Mabwerebwere, anapukuchua mahindi. Kwa kweli alikuwa anayatazama mahindi. Anachukua hindi, anatoa punje mstari mmoja, anaanza hadithi na jirani aliye ng'ambo ya ua, analiweka chini, analitafuta tena. Amekonda. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba ndefu, akaniuliza habari za kila mtu kwa jina, kisha za Munisagara, kisha za mvua. Sikuweza kujizuia.

"Mzee, hiyo mikono miwili mbona inafanya nusu ya kazi?"

Akacheka mpaka punje zikamwagika. "Haya mahindi ni yangu, binti," akasema. "Hayana haraka."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: simu, karatasi za mlangoni, Ijumaa, Mama Zena. Nikamwomba aandike kwamba kile kipimo hakifai tena. Uso ulibadilika. Akawa Msimamizi yule yule.

"Kipimo ni kipimo. Ulitumia kumi na nne au hukutumia?"

"Nilitumia, mzee. Asubuhi moja. Nilikuwa na miaka ishirini na moja."

"Basi."

Alinyanyuka akaingia ndani, akarudi na daftari lake la zamani, nadhani ili kunionyesha kwamba ameandika sawasawa. Akalifungua gotini, akatafuta kwa kidole. Nilikuwa karibu naye, nikasoma kabla hajalifunika kwa kiganja. Chumba namba saba. Rehema. Dakika kumi na nne. Na pembeni, kwa mwandiko ule ule mzuri: *Mgeni. Hajaambiwa.*

"Hajaambiwa nini, mzee?"

Akalifunga daftari.

"Ulikuwa unajua? Mwendo wa saa, ulikuwa unaujua?"

"Nimekulia kwenye mkonge," akasema. "Nimepimwa kabla sijapima. Ningekosaje kuujua?" Akafuta punje gotini, moja moja. "Walikuwa wananichezea wote, na nilikuwa na kitabu, nilitaka namba moja ya kweli. Nikangoja aje mtu ambaye hajaambiwa."

"Kwa hiyo uliniwinda."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwinda."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga na lile hindi. Miaka yote ile nilijiita msaliti, nikatandika vitanda visivyo vyangu kulipa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa limepangwa na mtu mzima mwenye kalamu. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa kwetu hamwambii mzee, na mkewe akatoka jikoni akasimama mlangoni, hakunikataza.

"Kwa nini ulikuwa unakohoa, basi?" nikamuuliza mwisho, nimechoka.

Aliuliza, "Mama Zena anatumia ngapi sasa?"

"Kama ishirini na tano. Andika ishirini na tano, mzee, nimpelekee meneja."

"Siandiki nisichokipima."

Nikaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo sijawahi kulifanya nyumbani kwa mtu. Njia nzima kurudi Mikumi nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia Mama Zena.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Msimamizi akashuka kwenye basi la Kilosa. Alikuwa amevaa shati la kazini, limepigwa pasi, na saa ilikuwa shingoni. Alimsalimia meneja, akasema amekuja kurudia kipimo, na meneja akafurahi, akamletea kiti. Hakukikalia.

"Nani atapimwa, mzee?" meneja akauliza. "Dada Rehema ndiye hodari wetu."

"Mama Zena," akasema Msimamizi.

Tulisimama mlangoni, mimi na yeye. Mama Zena akaingia chumba namba saba, na jambo nililoogopa likatokea: alianza kukimbia. Yeye aliyewafundisha wengine mwendo wa saa, siku hiyo alisahau yote kwa aibu, kwa kuwa alijua anapimwa kwa sababu ya uzee wake. Aling'oa shuka kwa nguvu, akazunguka kitanda, goti likampinda akashika ubao wa kitanda.

"Mama Zena," Msimamizi akasema, "unakimbilia wapi?"

"Si unanipima?"

"Nakupima kazi. Mbio sijaomba. Kona ile umeiacha, irudie."

Akairudia. Akavisha mito. Alipoinama kuokota shuka chafu, uso wake ulikunjamana, akabaki ameinama.

"Kaa," akasema Msimamizi.

"Nikae wapi?"

"Hapo kitandani."

"Kitanda cha mgeni, baba?"

"Kaa goti lipoe. Saa inatembea."

Mama Zena akakaa kwenye kitanda kilichotandikwa, mikono mapajani. Msimamizi alisimama pale pale na saa mkononi, anaiacha inatembea, anatazama nje kwenye kamba za kuanikia, kama mtu asiye na pa kwenda. Mimi nilizihesabu zile dakika moyoni, na kila moja ilikuwa tamu. Kisha Mama Zena akainuka mwenyewe, akanyoosha alipokaa, akamaliza choo, akapiga deki akirudi nyuma hadi mlangoni. Msimamizi akabonyeza.

"Ishirini na saba."

Meneja alikuwa amefika na simu yake. Akatazama ile namba, akatazama ya zamani. "Mzee, mbona imepanda hivi? Ilikuwa kumi na tano."

"Ile ilikosewa."

"Sawa. Hapa inataka sababu." Akamwonyesha kioo cha simu. "Niandike imekosewaje?"

Msimamizi alichukua kalamu, akasaini karatasi kwanza, taratibu, mkono wa kushoto umeshikilia karatasi.

"Andika aliyekosea ni mimi," akasema. "Andika binti hakukosea."

Meneja hakujua ni binti gani, lakini aliandika. Mama Zena akachukua ndoo yake, akaenda chumba namba nane.